Kifungo Chekundu cha Mama Riziki

Jumamosi, 3 Oktoba 2015. Louisville
Nimemwaga kopo lote la vifungo mezani tena. Zawadi na wadogo zake wamezoea, wanakula pembeni. Leo nimepata vitatu vipya kwenye duka la mitumba, kimoja cha pembe, viwili vya shaba. Wengine hukusanya vyombo vya kabatini. Mimi vifungo. Nikiona shati lenye kifungo kisichofanana na wenzake, nataka kujua cha kwanza kilianguka wapi. Hadithi yangu ilianzia hapo. Sufuria kubwa ya kanisa imeibiwa, mwizi kaangusha kifungo jikoni, mjane mshonaji anamtafuta. Hakuna damu, hakuna maiti. Sura ya nne imeisha. Mwizi bado sina.

Jumatano, 7 Oktoba
Kazini ghalani tangu asubuhi. Makatoni, makatoni. Mama Riziki alinipeleka kwa gari lake kama kila siku. Ni jirani wa mlango wa pili, tulitoka naye kambi moja ya wakimbizi. Sikuongea njia nzima. Nilikuwa natafuta mwizi.
Nimempata! Mwanamke wa kicheko kikubwa, koti la kijivu, vifungo vyeusi vinne na kimoja chekundu. Kurasa sita wakati wa mapumziko. Sikula.

Jumapili, 11 Oktoba
Nimemaliza. Nimepiga picha kurasa zote, nimemtumia mdogo wangu Neema, anayesoma chuo kikuu Columbus. Alipiga simu akicheka mpaka akakohoa. Anataka kuichapa na kuituma kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa letu. Nikasema tuma. Nina furaha kama mtoto.

Jumatatu, 12 Oktoba
Sifa tele kundini. Halafu mmoja akauliza, na ile sufuria yetu je?
Ni kweli, yetu ilipotea baada ya Pasaka. Wazo nililitoa hapo. Hakuna aliyeshukiwa wakati ule.

Jumatano, 14 Oktoba
Mama Riziki hakuja kunichukua. Simu yangu hapokei. Nimefika kazini nimechelewa.
Mchana Mama Furaha, tunayefunga naye makatoni, alinisogelea. "Kumbe ulijua siku zote ni yeye." Yeye nani? "Koti, Mama Zawadi. Koti!"
Koti la Mama Riziki.
Kile kifungo chekundu nilikishona mimi. Kilitoka kwenye kopo langu, baridi yetu ya kwanza huku, koti lake lilipopoteza cheusi. Alifurahi sana. Alisema sasa watu watamjua toka mbali.

Jumapili, 18 Oktoba
Nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nikasema hadithi nimeitunga. Sufuria sijui iko wapi. Koti nililichukua kwa jirani yangu bila kumwomba, na yeye hajaiba kitu. Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini?
Baba Riziki alinisubiri nje. Mkewe ameenda Buffalo kwa binti yao Riziki. Aliondoka akisema hawezi tena kuingia jikoni mwa kanisa na wale wamama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 23 Oktoba. Columbus
Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda basi. Chumba cha Neema kiko karibu na chuo, kidogo, vitabu mpaka kitandani. Analia, anasema kosa ni lake kwa kuituma. Nimemkatiza kwa ukali. Koti hakuliandika yeye. Anataka tuende wote Buffalo kesho. Nimekataa.

Jumamosi, 24 Oktoba. Buffalo
Nyumba ya Riziki iko mtaa wa Black Rock, ya mbao, rangi imebanduka. Riziki alinifungulia, akachukua watoto wake akatoka. Mama yake alikuwa jikoni. Hakunikumbatia.
"Bon, sawa. Mi nakubeba na gari yangu kila siku, we unaniangalia tu vifungo."
Nilisema ndiyo. Nilisema mwizi alitakiwa awe mtu ambaye msomaji hatataka awe yeye. Kwa hiyo nilichukua kicheko ninachokipenda na koti ninalolipenda.
"Donc, kwa hiyo ukachagua mimi."
"Ndiyo. Nisamehe, dada."
Alikaa. Akauliza mwishoni yule mwanamke anafungwa? Nikasema hapana. Anarudisha sufuria, akina mama wanapika, wanakula naye.
"Uongo," akasema. "Wale hawawezi kula naye. Mi sikuiba kitu, na hata mmoja hakunipigia simu."
Hapo akalia. Nami nikalia. Alisema hajanisamehe. Alisema pia nilale hapo, basi ni la kesho.

Alhamisi, 29 Oktoba. Louisville
Mama Furaha kaniuliza kama hadithi ina sehemu ya pili. Nikamwambia ampigie Mama Riziki simu kwanza. Kaangalia chini, kaendelea kufunga makatoni.
Sufuria haijulikani iko wapi. Katika hadithi lazima mwizi apatikane, ndiyo raha yake. Kwetu hapatikani, na nadhani hata hatafutwi tena.

Jumapili, 8 Novemba
Siku hizi napanda mabasi mawili kwenda kazini. Mama Riziki amepata kazi kiwandani hukohuko Buffalo. Baba Riziki anafunga mizigo, mwisho wa mwezi anamfuata.
Nimempigia Mama Riziki simu baada ya ibada. Nilimwambia kifungo nimekitoa kwenye hadithi, koti pia, na mwisho nimeubadilisha. Akina mama hawali na yule mwanamke. Mshonaji peke yake anakwenda kwake, anagonga, anafunguliwa hapo hapo. Nikamsomea. Nilisikia maji ya bomba, alikuwa anaosha vyombo. Halafu bomba likafungwa.
Akasema huyo mwanamke asifungue mlango haraka hivyo. Agongewe kwanza, mara mbili, mara tatu.
Nimeandika hivyo.