Nilimwekea Mwanangu Kosa Kwenye Swali la Saba

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie maana kifua kinaniwaka. Mimi ni mwalimu wa historia, na binti yangu wa mwisho yumo darasani mwangu, na kitabu tulicholetewa kinasema sisi watu wa bondeni tulipenda ngoma na usingizi tu mpaka walowezi weupe walipokuja kutufundisha kazi, nami nimekifundisha miaka tisa huku nameza mate, kwani mkuu wa shule alishaniambia, "Mwalimu, fundisha kilichoandikwa, mengine kaongelee kwako." Wiki iliyopita kwenye mtihani wa majaribio swali la saba liliuliza uhusiano wa walowezi na wenyeji ulikuwaje, na mwongozo wa kusahihisha unataka "ulikuwa wa kirafiki," lakini binti yangu akaandika kwamba babu yake alichapwa viboko kwenye shamba la walowezi hao kwa sababu alikaa chini kunywa maji, nami nikamwekea kosa kwa kalamu nyekundu, maana mtihani wenyewe ni mwezi ujao na huko hawatamhurumia. Baba yangu, ambaye tunaishi naye na hakujua kwamba ni mimi niliyesahihisha, akaiona karatasi mezani, akavaa miwani, akasoma, akauliza, "Mwalimu gani huyu anayesema sikuchapwa?" Nikajifanya naosha vyombo. Binti yangu akanitazama, hakunitaja, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Nimwambie aandike uongo afaulu, au ukweli afeli?

Mwalimu Mwenye Aibu

Mwalimu, pole, ila sikubembelezi. Waandishi wa kitabu hicho wamenikera, na mkuu wako wa shule vilevile, lakini wewe umenitia hasira kuliko wote, kwa sababu wao hawajauona mgongo wa baba yako. Wewe unaufahamu tangu utotoni.

Kesho futa kosa hilo mbele ya darasa, useme ulikosea. Waambie watoto wakiulizwa waanze na "Kitabu kinasema," wapate alama yao, kisha waongeze wanachokijua. Wewe msahihishaji unajua sentensi ya ziada haikatwi alama. Halafu kaa na walimu wenzako, nakilini kurasa hizo za kitabu, muwaandikie wakuza mitaala, mtie saini wote. Mkuu akinuna, mwache anune.

Hiyo ni kesho. Leo kuna mtoto anayekufichia siri ndani ya nyumba yako mwenyewe, na mzee anayesubiri jibu. Weka hivyo vyombo chini, keti mbele yake, umwambie, "Ni mimi, baba."