Sauti Yako Bado Ipo Chumba cha Picha

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke asubuhi ile, umeketi kitini, viatu vya kazini tayari miguuni.

Wagonjwa walikuita Mzee Tulia. Hukumlaza mtu kwenye mashine ya picha kabla hujamtania kidogo akacheka. Hata nyumbani hukuacha kazi: mtu akipiga chafya mezani, unamwambia, "Tulia, picha itaharibika."

Mashine mpya ilipokuja ikiongea lugha ya kigeni, wewe ndiye uliyeirekodia maneno ya lugha yetu: "Vuta pumzi. Ibane. Haya, pumua." Hatukujua kwamba hakuna aliyeyafuta.

Mwezi uliopita Mama alishikwa na mgongo. Kwa kuwa aliwahi kutibiwa saratani ya titi, daktari alitaka kuona kama imefika kwenye mifupa. Akalazwa pale pale ulipolaza wengine. Sisi tulikuwa nyuma ya kioo, na mara sauti yako ikatoka kwenye mashine.

Ulimwambia avute, akavuta. Abane, akabana. Kisha ukanyamaza. Mwenzako wa kazini akasema mashine imekwama, akashika kipaza sauti: "Mama, pumua! Tumemaliza, pumua!"

Mama, ambaye hukuwahi kumshinda hata kwa chumvi ya mboga, siku hiyo alikutii wewe tu. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Tulipoingia kumtikisa, alitusukuma.

"Mnanikatiza nini?" alisema akihema. "Namngoja baba yenu aniruhusu."

Picha imeonyesha doa kwenye uti wa mgongo. Daktari hawezi kusema bado ni nini, itarudiwa Jumatatu. Mwenzako alitaka kuifuta sauti yako, Mama amekataa katakata. Siku hizi ni mchangamfu kupita kiasi, anaimba jikoni, na ameshapiga pasi gauni lile ulilokuwa ukilisifia. Hilo linatutisha kuliko doa lenyewe.

Baba, tunakupenda, na tunajua upweke si mchezo. Lakini Mama bado tunamhitaji sana. Jumatatu, ukishamwambia abane, tafadhali mwambie apumue.

Tunaokukumbuka ni wanao watatu, wakwe zako, wajukuu na dada yako. Mama hatukumwonyesha tangazo hili la gazetini.

Hutatutoka moyoni kamwe. Tutakukumbuka tukiwa huku huku, sisi na yeye.