Bwanamkuu, Mkeo Hakujua

Mwaka umetimia, Bwanamkuu, tangu ulipoanguka kutoka juu ya mti wa watu katika nchi ya watu. Umetimia kwako. Kwetu bado, maana karibu nusu ya mwaka huo tuliimaliza tukikuombea safari njema, na huku umekwisha kuzikwa. Dadako Radhiya ndiye aliyeshika kalamu hii kwa niaba yetu, na ulimi wake unaujua, kwa hiyo ukikutana na neno chungu usiulize limetoka kwa nani.

Edah, jirani yetu mwalimu aliyetoka bara, ndiye aliyetuonyesha kwamba watu huandika hivi gazetini na kutia picha ya marehemu. Picha yako tunayo moja tu, ile uliyopigwa umekaa juu ya tawi, kamba kiunoni, unacheka mpaka magego yanaonekana. Mamako alikataza isitoke. Alisema hataki mti ule uingie nyumba za watu. Basi wasomaji watakujua kwa maneno.

Wakujue hivi. Ulizaliwa Siyu, ukakulia Wiyoni, hapa Lamu, na tangu ulipobaleghe ulikuwa mkwezi wa minazi. Wenzako walipanda kwa hesabu, wewe ulipanda kama mtu aliyesahau kitu kule juu. Ukishuka, dafu la kwanza lilikuwa la mamako na la pili la Mwanamkisi, hata kabla hujamposa, jambo lililowaudhi sana wenye shamba. Hukuweza kumpita mtu mwenye mzigo bila kumpokea. Ulipenda kuimba ukioga, tena vibaya, na ukiambiwa unyamaze ndipo ulipopandisha sauti.

Halafu ukaenda melini. Miaka miwili ulikuwa mtu wa kuamrishwa, na kuamrishwa hukukuweza hata na mamako. Meli ilipotia nanga Uingereza ukashuka usirudi, ukaingia mji wa ndani usio na bahari wala mtu wa kwetu, ukajitafutia. Kazi uliyoipata tuliicheka sana. Kule, ulitwambia, mtu ana mti mkubwa ubavuni mwa nyumba, tawi limelalia paa, naye hathubutu kuligusa. Huitwa mjuzi akapanda, akalikata tawi kipande kipande na kukishusha kila kipande kwa kamba, pasivunjike hata kigae. Kisha kidonda cha mti hupakwa dawa nyeusi kama lami, usije ukaoza. Mjuzi aliyekuwa akiitwa ndiye wewe. Hukuwa na tajiri wala kampuni. Ulikuwa na msumeno, kamba na mkokoteni, na watu wa mji ule walikuita Beni kwa sababu jina lako liliwashinda.

Ulipokuja kututazama mwaka wa 1964 tukasema umepata likizo. Ukakasirika. Ukasema mwenye kazi yake haombi likizo, hufunga mlango akaondoka. Siku ya pili tu ukaupanda mti wa mkungu ubavuni mwa nyumba yetu, ule uliolalia paa la makuti, na mtaa mzima ukatoka kukutazama. Ulikuwa ukizungumza nasi kutoka juu muda wote, ukitusifia kazi yako mwenyewe. Tawi lilishuka polepole kwa kamba mpaka likagusa chini bila kishindo. Punda wa jirani ndiye pekee aliyekimbia. Mwanamkisi alikuwa mlangoni, mkono kinywani, na uliposhuka alikupangusa vumbi usoni kwa leso yake mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake.

Alasiri ile mamako alikuuliza swali ambalo hatutalisahau. "Na ukipatikana na yambo huko, mwanangu, ni nani wa kutwambia? Mabaharia wana meli yao, huwaandikia watu wao. Wewe una nani?"

"Mimi si mtu wa mtu, mama," ukajibu. "Habari yangu nitakuya nayo mwenyewe."

Mwanamkisi akasema, "Basi mpe hata jirani mmoya ina la mui wetu."

Ukacheka. Ukamwambia anataka kukufanya mtoto anayepotea sokoni, afungwe jina shingoni. Sote tukacheka nawe, na baada ya siku chache ukaondoka. Jina la mji wetu hukumpa mtu kule.

Hilo ndilo tunalokulaumu, na tunalisema wazi.

Ulianguka mwishoni mwa Januari mwaka jana, siku ya upepo. Mti kwa nje ulikuwa mzima, majani tu ndiyo yamepukutika kwa baridi kama ya miti yote ya huko. Ndani ulikuwa umeoza, na tawi ulilojifunga nalo likakatika. Wenye nyumba walikuwa watu wema, tumeambiwa, wakakuzika kwa heshima ya kwao na kukuwekea maua. Lakini walipoulizana wewe ni wa wapi, mmoja alisema Uarabuni, mwingine akasema Bara Hindi. Neno Lamu hakuna aliyekuwa amelisikia. Hapakuwa na bosi wa kuulizwa, kwa kuwa bosi ulikuwa wewe, na wewe ndiye uliyekuwa umelala pale.

Kwetu ule ulikuwa mfungo mosi, mwezi wa harusi baada ya Ramadhani. Binti wa Radhiya alikuwa akiolewa Mkomani, na Mwanamkisi ndiye aliyewaongoza wanawake kwenye vugo, ngoma ya harusi ya kupiga pembe. Alijitia hina, akavaa asmini kichwani na leso ulizomletea, akaipiga pembe mpaka wasichana wadogo wakachoka kabla yake. Wanawake wakamuuliza, "Mumeo hajambo?" Akawajibu, "Hajambo, yuko yuu ya miti." Walicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Miezi iliyofuata aliishi hivyo hivyo. Kila Alhamisi alifukiza udi chumbani, kwa sababu ulikuwa umesema huenda ukaja kwa Maulidi.

Maulidi yakapita. Baada yake akaja rafiki yako Wazir, baharia wa Faza. Meli yake ilikuwa imekaa bandarini kule, akapanda treni kwenda kukuamkia katika mji uliowahi kumtajia. Aliuliza Bwanamkuu, hakuna anayemjua. Akaeleza habari za mtu mweusi anayepanda miti. "Aa, Beni," wakasema, wakampeleka makaburini. Alitukabidhi kamba yako akiwa amesimama, hakutaka kukaa. "Ni tangu mfungo mosi, Bi Umi," akamwambia mamako.

Mwanamkisi alizitoa asmini kichwani moja moja, akavua bangili, akaingia chumba cha ndani kukaa eda yako.

Tukaenda kumuuliza Mwalimu Abdulkadir wa msikitini kwetu, kama inavyopasa. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya pazia na kusema kwa upole, "Bi Mwanamkisi, eda huanza siku ya kufa mume, si siku ya kupata habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita. Huna eda ya kukaa."

Mwalimu hakukosea. Sheria ndiyo hiyo, na sisi si watu wa kubishana nayo. Lakini sauti iliyotoka nyuma ya pazia hatujawahi kuisikia kwa Mwanamkisi kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mwalimu, eda yangu nimeikaa na asmini kitwani? Naliteza vugo, naliteka na watu. Yeo mwanambia imekwisha?"

"Mola hamhesabii mja wake asiloliyua, mwanangu."

"Mola ndiye," akasema. "Watu je?"

Mwalimu akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Watu walifanya kama alivyojua watafanya. Nusu ya mji walisema Mwanamkisi alimchezea mumewe vugo maitini. Wengine wakaona mbali zaidi: kama eda imepita, basi mwanamke yu huru. Hitma yako ilikuwa ya juzi tu pale mwenye duka mmoja alipomtuma shangazi yake na sinia la posa lililofunikwa kitambaa cha hariri. Hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linalotuuma. Mwanamkisi alilirudisha sinia vile vile, kitambaa hakukifunua. Wanawake waliokuwa wakae naye mkekani hawakuja, kwa sababu kila msiba una wakati wake na wako ulikuwa umepita. Edah peke yake, asiyejua desturi zetu, alikuja kila alasiri akitoka shule akakaa naye mkekani. Hakuna aliyemwambia kwamba amechelewa.

Mwanamkisi alikuwa ametoka chumba cha ndani siku ile ile aliyoambiwa hana eda. Kamba yako, ambayo mamako alitaka itupwe, ameifunga uani na anaanikia nguo. Ni nzima kabisa, haina hata uzi uliokatika. Mwezi huu, mfungo mosi mwingine, wanawake wa vugo walikuja kumchukua kama zamani. Aliwakaribisha, akawapa kahawa na halua. Walipotoa pembe akawarudishia. "Mimi yangu nimeshateza," akasema, nao wakanywa kahawa yao na kuondoka.

Tulipotaka kuandika haya tulimuuliza naye aseme neno lake kwako. Tulidhani atataja lile dafu la pili, au siku ile ya mkungu. Alikuwa akianua nguo na hakugeuka.

"Andikani kuwa sikuyua."

"Ni hilo tu?" Radhiya akamuuliza.

"Ni hilo tu. Kwa kuwa yeye hakumwambia mtu, nanyi waambieni wote."

Basi tunawaambia wote, wa Mkomani na wa Wiyoni, na mwenye duka na shangazi yake, na wewe pia huko uliko, kama habari hufika. Ulisema habari yako utakuja nayo mwenyewe. Imebidi tuilete sisi, tena mbele za watu.

Unakumbukwa na mama yako Bi Umi, ambaye hadi leo huweka dafu la kwanza pembeni kwa ajili yako. Na dada yako Radhiya, pamoja na binti yake, ambaye hawezi tena kuitaja siku ya harusi yake. Na rafiki yako Wazir. Na mke wako Mwanamkisi, ambaye hakujua.

Mola akulaze mahali pema. Siku zote tutakukumbuka, Bwanamkuu. Kukusamehe, bado.