Supavaiza wa Fidelia

Jumatatu, 14 Julai 2025
Baridi ya leo Makambako — mpaka kuku wanatetemeka. Mimi niliwahi kulala nje kule Kitulo na shati moja. Asubuhi barafu ikaniogopa.

Fidelia, mtoto wa dada yangu, kaja kutoka Mdandu anakofundisha. Anataka shahada ya pili ya fizikia, na vyuo viwili vinamtaka: Dar na Afrika Kusini. Kuchagua ndiyo kazi. Dada analia kwamba Kusini ni mbali. Shemeji Hilary anasema Dar — maana ndiko alikofika yeye, mara moja, akapotea stendi. Nikawaambia fizikia naijua, niliteremsha lori mlima Lukumburu bila breki, kwa akili tu. Dada akaondoka kuchochea moto. Hoja hawana.

Jumatano, 16 Julai
Kaamua: Afrika Kusini. Kuna wataalamu wawili wa mionzi ya kutibu saratani, anangoja mmoja akubali kumsimamia. Fomu mwisho Ijumaa saa kumi. Leo anarudi Mdandu, huko mtandao wa kubahatisha, kwa hiyo kaniachia mimi. Sehemu moja tu ya fomu imebaki wazi. Kesho atapiga simu anitajie jina la kujaza, nami nitume.

Alhamisi, 17 Julai
Simu yake haipatikani. Nikaisoma fomu mwenyewe. Kiingereza changu cha darasa la saba, lakini neno lile nalijua: Supervisor. Supavaiza! Ukoo huu yupo mwingine? Nilikuwa supavaiza kiwanda cha chai miezi minne, watu ishirini chini yangu. (Mke wangu Oktavia anasema miezi miwili, watu sita. Wivu.)

Nikajaza jina langu: Enoki Mlowe, na namba ya simu. Chini yake wanauliza ubingwa wako. Nikaandika: chai, mbao, breki. Devotha wa steshenari akasema, baba, subiri kwanza umuulize mwenyewe. Nikamwambia ninyi wa fotokopi mnajua kukopi tu. Akatuma.

Ijumaa, 18 Julai
Saa nne Fidelia kapata mtandao. Anataja jina la profesa, herufi moja moja. Nikamwambia asijisumbue, imeshakwenda.



"Mjomba, umemwandika nani?"

Nikasema mtu mwenye uzoefu.

"Mjomba. Nani?"

Nikamtajia. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Kasema yuko njiani, nisiguse kitu chochote.

Saa saba. Simu inaita, namba inaanza na +27, ya Afrika Kusini. Nilishapanga: naanza na kamwene, salamu ya kwetu, wajue tunakotoka, halafu Kiingereza. Oktavia kaninyang'anya simu, kaikalia. Nikisema wataona ukoo hauna mtu, anajikalia vizuri zaidi.

Inaita tena, chini yake.

Nimemuuliza, polepole, kwani supavaiza wa chuo kikuu hufanya nini hasa?

Saa saba na nusu. Fidelia bado. Inaita.