Nilibana Nguo za Binti Yangu kwa Siri, Sasa Hataki Kula

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri ipokee tu, maana mwenye shida ndiye mdogo siku zote. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na ninayekuandikia habari zake ni kifungua mimba wangu, msichana wa miaka kumi na mitano, mtoto mwenye adabu na anayependa kucheka, au niseme alikuwa anapenda kucheka, kwa maana siku hizi hata jino lake silioni.

Cherehani yangu iko sebuleni, kwa hiyo wateja wanaingia moja kwa moja nyumbani kwangu, wanatukuta tukila, wanatukuta tukigombana, na huyu binti wamemwona akikua. Mwaka jana akaanza kujaza mwili, nyonga zikatoka, mashavu yakajaa, kama nilivyokuwa mimi mwenyewe umri ule, lakini siku moja mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa kwaya, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akamwona anapita na beseni la nguo akasema, "Fundi, huyu mwanao gauni lake unakata mita ngapi? Au unamuunganishia mapazia?" Watu wakacheka, mshauri, na mimi nikacheka. Binti akalitua beseni taratibu akaingia chumbani, na mimi badala ya kumfuata nikaendelea kukanyaga cherehani, huku nikijiambia kwamba mtoto wa fundi ndiye tangazo la fundi, na tangazo likichekwa kazi ndiyo imechekwa.

Sasa aibu yangu inaanzia hapa. Sisi mafundi nguo ya mtoto hatuikati kwa kipimo chake kamili, tunaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono ili akikua tufumue tumwachie, na nguo zote za binti yangu nimezishona hivyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Basi alipokuwa shuleni nikachukua sketi yake ya sare, na pale pa kuachia mimi nikabana, kidogo tu, upana wa kidole, nikapiga pasi hadi mshono ukalala usijulikane. Asubuhi nikamsikia anahangaika na kifungo, akaniita, "Mama, sketi imenibana," nami nikamjibu bila kupepesa macho, "Sketi ni ileile, mwanangu, wewe ndiye unayenenepa, punguza kula." Nilidhani ataogopa kidogo, ataacha vitafunio vya barabarani, atapungua, kisha nitaziachia nguo kimyakimya na mambo yaishe, bila kumwumiza mtu.

Kumbe nilikuwa nachimba shimo. Aliacha vitafunio, kisha akaacha chai ya asubuhi, kisha chakula cha mchana akawa anasema amekula kwa rafiki yake, na mimi nilipoona anapungua nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema dawa imeingia, nikabana nguo ya pili na ya tatu, hadi zote, ili asije akalegea. Kwa hiyo mtoto anajinyima na nguo inazidi kumbana, anajinyima tena na nguo inakataa kufunga, anasimama mbele ya kioo anashika ngozi ya tumbo ambayo haina hata kitu ndani, na mimi namwona kupitia upenyo wa mlango na uzi uko mdomoni. Baba yake ni dereva wa malori, aliporudi safari akaniuliza, "Mama watoto, huyu mbona amebaki macho tu?" nikamwambia anakua.

Juzi akazimia akaanguka uwanjani shuleni wakikimbia mbio, nikaitwa, tukaenda zahanati. Muuguzi akampandisha mizani, akakunja uso, akasema uzito huu ni mdogo sana kwa urefu wake. Binti yangu akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, labda mizani yenu ni mbovu. Nguo zangu zote zinanibana, na mama yangu ni fundi, vipimo vya mama havikosei." Muuguzi akanigeukia akingoja niseme neno. Niliangalia kucha zangu kama vile ndiyo kwanza naziona.

Mshauri, tangu siku ile silali. Mtoto anavaa sweta kwenye jua kali, nywele zinabaki kwenye kitana, siku zake za mwezi zimekata, na kurudi zahanati tarehe tuliyopewa hataki, anasema atarudi akishapungua. Nimewaza nizifumue nguo zote akiwa shuleni, niziachie mpaka mwisho wa akiba, akivaa zimpwaye, aone amepungua, aridhike, aanze kula, na asijue kitu mpaka nakufa. Lakini kila nikishika wembe wa kufumulia mkono unakataa. Na nikimwambia ukweli najua atanichukia, na ana haki. Naomba unishike mkono, nifumue kimya, au niseme?

Fundi Mwenye Majuto

*

Fundi, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nilipofika pale pa zahanati nikavuta kiti. Nikugombeze nitakugombeza, usiwe na wasiwasi, lakini kwanza lililo la haraka.

Mpeleke binti hospitali kesho, usingoje tarehe mliyopewa zahanati wala usingoje akubali kwa moyo mweupe. Mtoto aliyezimia, anayetetemeka kwa baridi juani, ambaye nywele zinamtoka na hedhi imekata, huyo haringi, anaumwa. Ugonjwa wa kujinyima chakula unakaa mwilini na kichwani kwa pamoja, kwa hiyo pamoja na daktari wa mwili ulizia pia mtaalamu wa kuzungumza na vijana. Akizimia tena kabla ya hapo, au moyo ukamwenda ovyo, au akikataa hata maji, usisubiri kukuche. Na safari hii ukiulizwa, jibu. Kile kinywa ulichokifunga mbele ya muuguzi kifungue, maana daktari hawezi kutibu jambo alilofichwa.

Haya, sasa kaa nikuambie. Yule mwalimu wa kwaya hana adabu, na alistahili kupewa kitambaa chake na kuoneshwa mlango. Lakini yeye alimcheka mtoto mara moja. Wewe ulimcheka kila asubuhi alipokuwa anavaa. Mtu wa nje akimwambia msichana ni mnene, msichana anaweza kusema huyo ana wivu, huyo ana chuki. Alipoambiwa hivyo na sketi iliyotoka mikononi mwa mama yake, amkatalie nani? Umesikia mwenyewe alivyosema, mizani ni mbovu, mama hakosei. Alikuwa radhi aukane mwili wake kuliko akushuku wewe. Mimi ningepewa imani kama hiyo na mwanangu ningeilinda kwa meno, na wewe uliikata kwa mkasi ili mwalimu wa kwaya asikucheke.

Najua unalia. Lia, kisha tuendelee.

Hiyo hila yako ya kufumua kimyakimya iache kabisa. Fikiri kidogo, fundi. Mtoto anaamka, nguo zinampwaya, ataamini nini? Ataamini kwamba njaa imemlipa. Atasema kumbe inawezekana, ngoja niongeze bidii. Badala ya kumtoa shimoni utakuwa umempigia makofi akiwa mlemle. Uongo uliomwingiza hauwezi kumtoa, hata ukiugeuza ndani nje.

Mwambie. Baba yake awepo, na yeye uwe umeshamweleza kabla, maana naye umemdanganya. Usianze na "nilifanya kwa kukupenda," hata kama ni kweli, kwa sababu mtoto atalazimika kukuhurumia kabla hajajihurumia mwenyewe. Sema hivi tu: nilizibana nguo zako kwa makusudi, nikakudanganya kwamba unanenepa, mwili wako haukuwa na kosa lolote, kosa ni langu. Kisha lete nguo, fumua mbele yake, aone kwa macho yake kitambaa kilichofichwa. Asipotaka kuangalia, usimlazimishe.

Ujue pia kwamba hata ule mwili aliokuwa nao mwaka jana haukuwa na shida yoyote kwa ulivyonieleza. Msichana akivunja ungo anajaza, mwili unajitengenezea nguvu ya kurefuka na kukomaa, na wewe mwenyewe umekiri ulipita hapohapo. Na hata ingekuwa kweli uzito umezidi, hilo huamuliwa na daktari, haliamuliwi na kiuno cha sketi, na dawa yake haiwi njaa. Ni nyumba nzima kula kwa wakati, mboga na matunda yawepo mezani, soda na vya kukaanga vipungue kwa wote akiwemo baba, watu watembee, wacheze, walale vya kutosha. Ukimwekea mtoto mmoja sahani yake ya adhabu pembeni, unamfundisha kuiba chakula au kukichukia.

Akianza matibabu, fuata anachosema daktari kuhusu kiasi cha kula, usimshindilie ukidhani unalipa deni lako. Kaa naye mezani, mle kitu kimoja, zungumzeni habari za shule, za jirani, za paka, chochote kile isipokuwa tonge analoinua. Mizani usinunue. Maneno kama kibonge, kimbaombao, umependeza ulivyopungua, yasisikike tena sebuleni kwako, yawe ya mzaha au ya sifa, yamhusu binti au yakuhusu wewe mwenyewe unapojitazama kwenye kioo cha wateja. Mteja akianza, mkatishe hapohapo na mtoto asikie ukimkatisha: "Hapa napima nguo yako, mwili wa mwanangu hatuujadili." Akikasirika akaondoka, mafundi ni wengi mjini, na wateja pia ni wengi.

Sasa hofu yako ya kuchukiwa. Sitakudanganya kwamba atakurukia shingoni akusamehe. Huenda akakataa kuvaa chochote ulichoshona. Huenda akakupita bila salamu, akamhadithia shangazi yake, na shangazi akaja kukupasha na wewe ukakosa pa kuuficha uso. Vumilia, umeyatafuta. Binti wa kumwogopa ni huyu wa sasa, anayejinyima kimya na kusema asante mama. Akipiga kelele, mshukuru Mungu kwamba bado ana nguvu ya kukupigia. Usimkatize, usijitetee, msikilize mpaka aishiwe maneno. Halafu nenda kapakue chakula, ukae naye.