Maji ya Majivu

Nachingwea,
Jumapili, au labda Jumatatu.

Mdogo wangu Mwanne,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Chiola, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi pumzi imekuwa fupi. Daktari anasema moyo umechoka, na mkwe wangu Saada ananilisha uji kwa kijiko. Ufuta mmeshavuna? Nadhani nilikwisha kukuuliza.

Kuna jambo linanichanganya. Miaka thelathini nilifundisha kemia: vitu kuungana, kuvunjika, kubadilishana nafasi, chuma kutoa elektroni na oksijeni kuzipokea mpaka kutu inatokea. Lakini somo nililolipenda ni la asidi na besi. Ukizichanganya kwa kipimo, ukali wa zote mbili unakwisha, inabaki chumvi na maji. Nililipenda, na kila mwaka lilinitoa jasho.

Unakumbuka kule nyumbani Narung'ombe, siku mama alipokaanga korosho, mafuta ya ganda yakakurukia jichoni. Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Umeishi ukijua kwamba jicho lilipotea kwa sababu mama alikuacha karibu na moto. Ndiyo maana hukuja kumzika.

Mama alikuwa anakuosha kwa maji ya mtungini. Nikamwambia mafuta yale ni asidi, dawa yake ni besi. Akanijibu kwamba kitabu changu hakijawahi kuosha uso wa mtoto, nimpishe. Nikausukuma mkono wake. Nikachukua maji ya majivu, ambayo ni besi, yale makali aliyochuja kupikia mlenda, nikakumiminia jichoni. Ulilia mara mbili, Mwanne. Kilio cha pili kilikuwa kikubwa zaidi.

Sikupima chochote. Mwaka uliofuata nilisoma kwamba besi kali huunguza jicho vibaya kuliko aina nyingi za asidi, nikafunga kitabu. Majirani walipouliza, mama alisema ni mafuta, uzembe wake. Hakunitazama. Alinilinda, au aliamini hivyo? Na mafuta peke yake yangekuachia jicho? Nakokotoa mpaka leo, jibu halitoki.

Ninachojua ni kwamba mkono nilioufukuza ulikuwa unakuosha vizuri.

Wasalimie Zuleha na watoto wake. Kaburi la mama liko kule Narung'ombe, nyuma ya mikorosho ya jirani yetu Bakary. Nenda kwake kwanza. Kwangu, ukiweza.

Kaka yako,
Harithi