Kikopo Nilichokimbia Nacho

Ngezi, Bunia
Tarehe 14 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu, Yaya Kule,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko Ariwara? Mgongo umepoa, au bado unabeba marobota ya vitenge kama kijana anayetafuta mchumba? Na Mama Patience, homa imemwacha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua inanyesha kila alasiri, na matope ya Ngezi unayajua mwenyewe: juzi yalinivua kiatu mbele ya watu wa kanisa.

Patience ni mzima. Nakuambia hilo kwanza ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Anakula, anasoma, mwalimu anamsifu kwa hesabu. Lakini kuna jambo nimemfanyia mtoto wako, na nakuandikia kwa aibu, maana kwenye simu sauti ingenikatika. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ukishasoma, wewe ndiwe utakayeamua kama abaki kwangu.

Unakumbuka kile kikopo bapa cha peremende ulichonipa tulipoikimbia vita Beni? Nimekishonea mfuko ndani ya sketi, na sitoki bila hicho: sokoni, kanisani, hata nikienda kuomba chumvi kwa jirani. Ndani mna sindano na uzi, wembe, kiberiti nilichokifunga kwa plastiki, vidonge vya homa na vya kusafisha maji, filimbi, na kopi ya kadi yangu ya uchaguzi. Majirani wananicheka, nami nacheka nao. Ila mkono wangu haukai mbali na ule mfuko.

Jumamosi jirani yangu Brigitte alikuwa anapokea wakwe, watu waliokuja kumposa binti yake Ketsia. Nilimkalisha Patience karibu yangu, nikamwekea sahani ya wali na nyama. Wazee walikuwa bado wanabishana kwa utani juu ya ng'ombe wa mahari, mara barabarani kitu kikalia paa!

Yaya, sijui niliinukaje. Najua tu kwamba nilishika mfuko nikakimbia. Nilikata vichochoro, viatu nikaviacha njiani, mpaka nikajikuta nyuma ya ukuta fulani upande wa mtaa wa Lumumba. Hapo nikafungua kikopo, nikakagua kimoja kimoja. Kila kitu kilikuwamo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba sijapoteza hata sindano. Ndipo nilipomkumbuka Patience.

Nilirudi pekupeku, nikilia njia nzima. Uani kwa Brigitte watu walikuwa wanakula. Ilikuwa tairi ya lori tu imepasuka, na hakuna mwingine aliyekimbia. Patience alikuwa amepakatwa na Brigitte, sahani yake haijaguswa. Wakwe walitazama chini kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko kicheko. Brigitte hakunigombeza. Alisema tu polepole: "Kanyere, ilikuwa pine ya kamiyo tu. Lakini mutoto alikuita sana. Weye haukusikia?"

Sikusikia. Natamani ningekuambia kwamba nilisikia kidogo, lakini nitakudanganyaje wewe?

Posa ya Ketsia imekubaliwa, na harusi ni mwezi wa nane. Nimealikwa, ingawa sijui nitaingia uani mle na uso gani.

Ukisema Patience arudi, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako, wala sitakubishia. Ukisema abaki, nitashukuru, lakini usiseme hivyo kwa kunihurumia. Barua hii anaileta Delphin, dereva, naye atakungoja uandike jibu.

Patience mwenyewe hanilaumu. Tangu siku ile ananishika sketi tu kila tunapotoka. Jana asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda sokoni. Aliniangalia nikiingiza kikopo mfukoni, akaniuliza bila hasira yoyote: "Tantine, miye siwezi kuenea mule?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Nisalimie Mama Patience, mtoto mdogo Fiacre, na Shangazi Alphonsine, umwambie miguu yake naiombea. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na asimsahau yeyote kati yenu.

Dada yako akupendaye, hata kama hathubutu kukutazama usoni,

Kanyere